Mwanaima na Daku Lililoahirisha Sindano

Saa moja asubuhi, Kinondo. Mwanaima Boga amekaa jamvini, miguu kainyoosha, anakunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa ung'ongo. Mikono inakwenda mbio, na mdomo nao haukai kimya.

"Karibu, mwanangu. Keti, ila usinizibie mwanga," ananiambia huku akicheka.

Makuti yake huezeka mahoteli ya Diani. Lakini mwaka jana, 1998, ilipita miezi asishone hata moja. Alikonda, macho yakageuka manjano, na picha zikaonyesha uvimbe ndani kabisa, nyuma ya tumbo. Kila daktari alihofia saratani. Mwanaima, mjane mwenye binti mmoja, akamwita dada yake akamkabidhi mtoto.

Bahati nzuri, madaktari wageni walikuwa wamefika kwa muda mfupi katika hospitali moja ya Mombasa. Walikuja na mpira mwembamba unaopitishwa kinywani, wenye ultrasaundi nchani na sindano ya kuchota chembe za uvimbe. Walitaka pia kulinganisha njia mbili: kuvuta kwa bomba la sindano, na kuchoma tu bila kuvuta.

Mwanaima aliambiwa afike bila kula. Kwao Kinondo, anayeshinda bila kula huamka kwanza akala daku. Basi wifi yake akamwamsha kabla ya adhana, akamwekea wali wa nazi na samaki. Mgonjwa akala akashiba, akavuka feri akiwa hana wasiwasi.

"Mama, si nilikuambia usikule kitu?" muuguzi Jacinter, mzaliwa wa Siaya, akashika kichwa.

"Tangu alfajiri sijatia kitu kinywani, mwanangu. Nimefunga!"

Zamu ikampita. Wageni walikuwa wanaondoka kesho yake jioni, na Mwanaima akaangua kilio pale pale kwenye benchi. Jacinter akaenda kumwombea nafasi ya mwisho, kisha akamchukua hadi chumbani kwake.

"Leo unalala kwangu. Huku hakuna mtu ataamka kukupikia," akamwambia.

"Alinipa kitanda, yeye akalala chini," anasimulia Mwanaima, machozi yakimlengalenga. "Si ndugu yangu, si dini yangu. Mwenyezi Mungu amjaze kheri."

Kesho yake alipewa dawa ya usingizi, akafanyiwa njia zote mbili. Sindano iliyovutwa ilijaa damu tupu. Ile isiyovutwa ndiyo iliyoleta jibu.

"Kwa mgonjwa mwingine huwa kinyume, ndiyo maana tunalinganisha," anaeleza Daktari Gilbert, mwenyeji aliyefanya kazi na wageni hao.

Haikuwa saratani. Ilikuwa kifua kikuu cha tezi, na dawa za miezi minane zikammaliza mdudu huyo. Binti yake amerudi nyumbani.

Mwezi ujao wageni wanarejea. Huko Kikoneni yuko mama mmoja, Mbodze, mwenye uvimbe kama ule, ambaye alikuwa ameapa kwamba hamezi mpira wa mtu. Mwanaima amekwenda kwake mara mbili, na hatimaye Mbodze amekubali, kwa sharti kwamba wafuatane.

"Mimi niliingia mle nimeshaaga," anasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake imetulia. "Yeye akifumbua macho, nataka mtu wa kwanza kumuona awe ni mimi, nimenenepa hivi."