Skrubu Iliyokataa Kufunguka

Mwanangu, kila nikikuona hapo Kanduyi ukipangusa baiskeli yako hadi inang'aa kama sahani ya wageni, na huku mnyororo unalia, nakumbuka bastola moja iliyowekwa mbele yangu Kitale nikiwa kijana. Keti. Chai ikipoa tutaipasha.

Nilikuwa fundi katika duka la Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, aliyetengeneza cherehani, baiskeli na bunduki za Wazungu wa mashamba. Zilikuwa siku za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mwafrika akikutwa hata na ganda la risasi, alikuwa na maelezo marefu ya kutoa, na wa kumsikiliza hakuna.

Asubuhi hiyo aliingia Mzungu tuliyempachika jina la Bwana Haraka, akaitupa bastola yake mezani, na mfuko wake wa ngozi juu yake. Mbwa mwenye kichaa alikuwa ameingia uani kwake. Alipofyatua, bastola ikakataa kulia.

"Boi yangu nafungua hii, natia maji ya chumvi," akasema. "Mimi nakatalia yeye likizo, yeye nakasirika. Sasa mimi nafungia yeye ndani ya stoo. Nyinyi safisha. Mimi natoka posta, nachukua hii, napeleka yeye polisi."

Huyo boi alikuwa Wafula, mjomba wangu, ndugu wa mama, mtu mwenye mvi. Likizo aliyonyimwa ilikuwa ya kwenda Lugulu, ambako mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni. Mzungu hakujua kwamba sisi ni ndugu, na mimi sikumwambia. Ukienda kupatana bei, hutangulizi kuonyesha kile unachokitaka.

Nikaangalia kama bastola ina risasi. Nikaangalia tena. Kwa nje ungeweza kujitazama na kunyoa ndevu. Mjomba aliisugua kila Jumamosi kwa amri, nje tu, kisha Bwana mwenyewe akairudisha kwenye mfuko wa ngozi, iwe kavu, iwe imenyeshewa. Na mvua za Kitale unazijua. Lakini nilipovuta kifyatulio nilisikia mkwaruzo ndani, kama mtu anayetafuna mchanga.

Ili kufika ndani ilibidi kufungua kifuniko cha ubavuni, kilichoshikwa na skrubu moja. Nikatia bisibisi. Haikusogea. Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Kimya. Ndipo akili za ujana zikanituma: nitavunja kichwa cha skrubu, nisugue kutu yote, ndani kung'ae kama nje, Bwana afurahi, hasira imtoke. Nikachukua nyundo na patasi.

Kalasinga akanidaka mkono. "Wewe, hapana piga! Hii si jembe ya mama yako. Skrubu nakataa, kwanza uliza kwa nini nakataa."

"Si ni kutu tu, Mzee."

"Kutu ya lini?"

Mwanangu, swali hilo lilinikalisha kwenye kiti. Yeye aliuliza kifundi, akiihurumia bastola. Mimi nilisikia jingine. Skrubu iliyofunguliwa juzi haiwezi kuwa imegandamana na chuma namna ile. Na mimi nilikuwa karibu kuivunja kwa mkono wangu, shahidi pekee wa mjomba!

Kalasinga akanisogezea mkebe wa mafuta ya taa ili tuloweke. Nikausukuma kando. "Bado. Mpaka aje mwenyewe."

"Wewe tafukuza kastoma yangu!"

"Nikimfukuza, na mimi nifukuze."

Bwana Haraka akarudi. "Tayari?"

"Bado, Bwana. Skrubu imetushinda. Labda mkono wa Bwana una nguvu kuliko wetu."

Bei hiyo mwenye majivuno haikatai. Akavua kofia, akashika bisibisi, akakaza hadi shingo ikawa rangi ya nyanya. Skrubu ikakaa palepale.

"Hii nashika sana," akasema akihema.

"Kabisa, Bwana. Sasa, boi aliifungua lini?"

Akanitazama. Kalasinga akainama kutafuta chini ya meza kitu ambacho hakikuwepo. Mimi macho sikuyaondoa kwake.

"Tia mafuta," Bwana akasema polepole. "Mimi nangoja."

Alasiri skrubu ikakubali, na Bwana akaifungua mwenyewe. Ndani, kutu ilikuwa tabaka juu ya tabaka, springi imeliwa, na ule uchafu mweusi ambao ngozi yenye unyevu huachia chuma umejaa kwenye pembe. Nikamwomba atie kidole ndani ya mfuko wake wa ngozi. Kilitoka na unyevu. Akakipangusa kwenye suruali.

Sikumdai msamaha, bidhaa hiyo hakuwa nayo. Nikasema, "Mzee uliyemfungia ni mjomba wangu, Bwana. Mama yake yuko kitandani Lugulu."

"Wiki moja," akasema.

"Mbili, Bwana. Barabara ya Kimilili ni matope."

Akavaa kofia. "Mbili."

Jioni mjomba alifunguliwa stoo, akapanda lori la mahindi. Alimkuta mama yake hai, na jambo la kwanza bibi alilofanya ni kumgombeza kwa kukonda.

Bastola niliisafisha siku zilizofuata kwa brashi ya shaba na kitambaa kwenye kijiti. Nikaikausha, nikaipaka mafuta mepesi, nikamwambia Bwana asiilaze tena ndani ya ngozi.

Basi sikia, mwanangu. Usisugue nje tu ukasema umesafisha. Fungua, uangalie ndani mapema, mikono ikiwa bado tulivu. Jambo likikugomea, weka nyundo chini kwanza, uulize limeanza kugoma lini. Na siku utakaposingiziwa, usigombane. Mpe anayekusingizia bisibisi, ajaribu mwenyewe, na wewe usibanduke hapo hata magoti yakitetemeka. Yangu yalitetemeka, na mjomba alifika Lugulu.

Mungu akulinde na kutu ya ndani, isiyoonekana na wanaokusifu. Akupe mkono wa subira na shingo ngumu pale panapostahili. Sasa lete huo mnyororo tuutie mafuta.