Sahihi ya Pimamaji

Jina lake la kuzaliwa walilijua mkewe, dada yake na karani wa mishahara. Wengine wote walimwita Pimamaji, kwa kile kifaa cha mafundi chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, ambacho hakikumtoka mfukoni. Awe anafunga rafu, awe anafunga soketi, awe anatundika picha ya harusi ya jirani ukutani, lazima kwanza alaze pimamaji juu yake, ainamishe kichwa, angoje kiputo kitulie katikati. Wenzake walimtania kwamba hata mkewe hakumposa mpaka alipompima kama amesimama wima. Alicheka nao. Miaka kumi na tisa ya kuunganisha mitandao, na hakuna kabati la mitambo alilolifunga yeye likaenda upande.

Katika miaka hiyo alimwingiza mtu mmoja tu kazini, naye alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alikuja hajui waya wa simu na waya wa mtandao vinatofautiana nini. Pimamaji akamwombea nafasi, akambeba juu ya ngazi zake, akamfundisha mpangilio wa rangi za nyaya kwa kuuimba, maana kwa kuusoma haukumwingia. Shemeji alikuwa na ulimi mwepesi kuliko vidole, na katika kampuni ile ulimi ulipanda cheo haraka kuliko bisibisi. Mwaka wa sita akawa msimamizi wa miradi. Siku moja alimvuta Pimamaji pembeni.

"Shemeji, mbele ya wateja naomba uniite msimamizi."

"Sawa, shemeji," alijibu Pimamaji, na mpaka leo hajui kama alisema vile kwa mzaha au kwa mazoea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hospitali iliyokuwa imejenga jengo jipya. Usajili, maabara, duka la dawa, vyote vilingoja ruta moja kubwa ya kuunganisha jengo jipya na la zamani, na mkurugenzi wa hospitali alikuwa amepanga kuja kuizindua saa saba mchana. Ruta ilifika saa mbili asubuhi. Wachukuzi wanne waliipandisha mpaka ghorofa ya pili ikiwa juu ya chaga lake la mbao, wakaiacha katikati ya chumba cha mitambo, wakaondoka.

Pimamaji hakuligusa boksi kabla ya kulizunguka. Alikagua kile kibandiko cha ubavuni kinachogeuka chekundu mzigo ukiangushwa njiani. Kilikuwa cheupe bado. Akakata mikanda ya plastiki, kisu akikielekeza nje, akalivua boksi kwenda juu kama mtu anayemvua mtoto shati. Sponji ngumu nyeupe zikatoka, kisha mfuko wa plastiki, kisha ruta yenyewe, ya kijivu, pana kama meza ya kupigia pasi. Alifungua orodha ya vilivyomo akakihesabu kila kitu sakafuni: nyaya za umeme, kadi, skrubu, yale mabati mawili ya pembeni ambayo mafundi huyaita masikio. Akajivika mkanda wa kifundoni unaomwaga umeme wa mwili ardhini, akayafunga masikio, akazichomeka nati za mraba kwenye raki, lile kabati la chuma la kufungia mitambo, baada ya kuhesabu matundu kutoka chini mara mbili, kushoto na kulia.

Ruta ilikuwa na kilo hamsini na nane. Alichomoa kadi zote na pawasaplai zote mbili, vile visanduku vya kuiingizia umeme, ili kuipunguza uzito, na kwa hesabu yake zikabaki arobaini na mbili. Katika kijitabu cha maelekezo mlikuwa na picha mbili ambazo hata asiyejua kusoma angezielewa: mtu mmoja ameinua mtambo, amepigwa msalaba mwekundu, watu wawili wameuinua, wamewekewa alama ya ndiyo. Mtu wa pili siku ile alikuwa shemeji. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Saa nne na nusu shemeji hajatokea. Pimamaji alimpigia simu, akaiweka juu ya boksi na kufungulia spika, kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye nati ya mwisho.

"Shemeji, nimemaliza kila kitu. Nangoja mtu wa kushika upande wa pili."

"Niko na wateja hapa chini," sauti ya shemeji ilijaza chumba. "Siwezi kuwaacha mezani."

"Basi nitumie mtu yeyote wa kwetu. Ina kilo arobaini na zaidi, na inakwenda usawa wa kifua."

"Hao wote wako jengo la zamani. Shemeji, zile picha za kitabuni ni za kujikinga tu, wenye kiwanda wanaogopa kushtakiwa. Wewe si mgeni wa kazi hii. Umepandisha kubwa kuliko hiyo. Ipandishe, mimi nakuja kuiwasha. Mkurugenzi hangojwi."

Simu ikakatika. Mlangoni alikuwa amesimama mama wa usafi, mwanamke mnene mwenye ndoo, aliyekuja kuchukua maboksi. Alikuwa amesikia yote.

"Nikusaidie, baba?"

"Hapana, mama. Ukiumia wewe watauliza nani alikuruhusu kushika."

Alisema kweli, lakini haikuwa kweli yote. Yale maneno "si mgeni wa kazi hii" yalikuwa yamempata pale panapomuuma mtu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Aliona haya kupiga simu ya pili. Alipiga magoti, akaikumbatia ruta, akanyanyuka kwa miguu na si kwa mgongo, kama alivyowafundisha wengine. Ilipanda. Aliifikisha usawa wake, akauegemeza ukingo wake wa mbele juu ya reli ya raki, na hapo ndipo kiganja cha kulia kilipoteleza kwa jasho. Upande wa kulia ukashuka. Angeweza kurudi nyuma akaiacha ianguke, nafasi ilikuwepo. Badala yake alisukuma mkono wa kushoto chini yake, na ruta ikakaa juu ya vidole vyake, chuma juu, reli chini.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, njoo." Mama wa usafi alitupa ndoo, akaingiza bega chini ya ruta akainyanyua. Pimamaji alichomoa mkono. Kisha, na hili mama wa usafi hakuacha kulisimulia, alichukua bisibisi kwa mkono wa kulia akafunga skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kwa sababu mtambo haupaswi kuachwa ukining'inia. Ndipo akakaa chini juu ya zile sponji nyeupe, akautazama mkono wake.

Ngazi alishuka mwenyewe, mama wa usafi akimshika kiwiko. Bahati, kama ni bahati, hospitali ilikuwa chini yake. Kwenye dirisha la usajili karani hakuinua macho.

"Subiri kwenye benchi, baba. Mtandao haupo. Mafundi wako juu wanafunga mtambo."

"Fundi ni mimi," alisema Pimamaji.

Karani aliinua macho, akauona mkono uliofungwa kitambaa cha kufutia vioo, akatafuta daftari la zamani na kuandika kwa kalamu. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimepondeka, na mishipa ya kukunjia imekatika. Saa saba, akiwa bado kwenye benchi la chumba cha picha za mifupa, alisikia makofi kutoka ghorofani. Shemeji alikuwa amepanda, akarudisha kadi na pawasaplai, akachomeka nyaya, akawasha. Taa zikawa za kijani. Ruta haikuwa na hata mkwaruzo.

Siku ya tatu jioni, dada yake alikuja nyumbani. Huyu mdogo wake alimlea mwenyewe, mama yao alipofariki binti akiwa na miaka tisa. Alimsuka nywele vibaya mpaka jirani akamhurumia, alimlipia shule, alimtoa siku ya ndoa. Alikuja na karatasi ndani ya bahasha, imechapwa tayari, na nafasi ya sahihi imeachwa chini.

Pimamaji aliisoma. Ilisema kwamba alielekezwa kungoja mtu wa pili, lakini akaamua kwa hiari yake kuinua mtambo peke yake.

"Hii si kweli," alisema.

"Najua, kaka." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni karatasi tu. Mume wangu amesema kampuni lazima iwe na jina la mtu. Wakiandika lake, kesho hana kazi, nami nina wale watoto watatu. Wewe una miaka kumi na tisa pale, watakuonea haya. Na yeye yuko ndani, atakupigania."

Mke wa Pimamaji, aliyekuwa amesimama kizingitini mikono kiunoni, alisema, "Haya ya kampuni inakaa mtaa gani? Nielekeze, nikaitembelee."

"Wifi, sikuja kugombana."

"Hukuja kugombana. Umekuja na kalamu." Akamgeukia mumewe. "Usitie sahihi, baba watoto. Huyo anayekuomba leo hata kukujulia hali hakuja."

Dada alianza kulia, kile kilio cha chini kwa chini alicholia tangu utotoni, na Pimamaji hakuwahi kukishinda. Alichukua kalamu. Kabla ya kuandika aliinyoosha karatasi mezani ikae sawa. Mkewe aliingia jikoni, na sufuria zikasikika zikipangwa upya, moja moja, kwa nguvu.

Barua ya kampuni ilikuja baada ya wiki mbili. Lugha yake ilikuwa safi. Kwa kuwa mfanyakazi amekiri mwenyewe, kwa maandishi, kwamba alikiuka taratibu za usalama akijua, kampuni haina budi kumwachisha kazi. Unga umemwagika. Alimpigia shemeji mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Shemeji, nimepigana mpaka nimechoka," alisema shemeji. "Lakini ile karatasi wameishikilia. Mikono yangu imefungwa."

Pimamaji aliutazama wa kwake, uliofungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Kila Jumanne alirudi hospitali ile ile kwa mazoezi ya vidole. Binti wa mazoezi alimpa mpira laini aukamue, na vile viwili vikabaki vimesimama kama vinaonyesha njia. Mwezi wa nne wa mazoezi alikutana na mama wa usafi kwenye ngazi. Walisalimiana kama ndugu.

"Baba, mimi nilikuwepo," mama alisema, bila kuulizwa. "Nilimsikia yule bwana kwenye simu kwa masikio yangu. Nikangoja waniite. Nikaenda mwenyewe mpaka ofisini kwenu, wakaniambia suala limekwisha, mwenyewe amekubali. Ulikubali kweli?"

"Nilitia sahihi."

Mama aliegemea ukuta wa ngazi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, "Wameibandika mlangoni. Ndani ya plastiki. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi."

Pimamaji alipanda kwenda kuona. Kwenye mlango wa chumba cha mitambo, usawa wa macho, palikuwa na karatasi yake, na juu yake maneno makubwa mekundu: JIFUNZE KWA KOSA LA MWENZAKO. Jina lake lote lilikuwepo, lile walilolijua watu watatu. Sasa kila aliyekuja kupangusa feni au kubadilisha waya alilijua. Kupitia kioo cha mlango aliiona ruta, taa zake zikipepesa, imekaa mahali pake sawasawa. Mama wa usafi alimuuliza kama aibandue, yeye ana funguo. Alimwambia aiache. Wangebandika nyingine, na yeye ndiye wangemuuliza ilikokwenda.

Jumapili dada alikuja. Alikuwa akija kila baada ya wiki mbili tangu barua ile, akiwa na matunda, akikaa ukingoni mwa kiti, akizungumza habari za watoto. Pimamaji alimngoja mpaka amalize habari za mtihani wa mkubwa.

"Wameibandika ile karatasi mlangoni," alisema. "Ulijua?"

Dada aliyatazama matunda. Angeweza kusema hapana, na huenda angeaminiwa, kwa kuwa Pimamaji alikuwa anataka sana kumwamini.

"Alinionyesha kabla hajaipeleka," alisema. "Kampuni ilitaka mfano wa usalama, kila msimamizi alete mmoja. Nilimwambia afute jina. Alisema atafuta."

"Hakufuta."

"Kaka, nimekuwa nikitafuta siku ya kukuambia."

"Siku zilikuwepo. Umekuja mara saba."

Mkewe, aliyekuwa pembeni, aliendelea kuchambua mboga, jani moja moja. Dada alianza kulia. Pimamaji alimsikiliza. Alingoja kile kitu kilichokuwa kikimvunja moyo tangu binti akiwa na miaka tisa, akakitafuta kifuani, hakukipata. Jambo hilo lilimuuma kuliko vidole.

"Wasalimie watoto," alisema, na kila mtu anajua mgeni akiambiwa hivyo maana yake nini.

Dada alijifuta uso, akachukua mkoba, akasimama. Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka kidogo, kwani siku zote kaka yake humsindikiza hadi barabarani, wakizungumza yale yasiyozungumzika ndani. Pimamaji hakuinuka. Alisikia hatua zake uani, kisha lango, kisha hakusikia kitu. Mkewe alikusanya matunda mezani, akauliza kama ayapeleke kwa jirani. Akamwambia ayapeleke.