Msiba wa Mtani Aliye Hai

Siku yangu ya kwanza kuuza bima ya maisha niliianzia Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Nilikuwa na viatu vipya na furaha ya kutaka kukimbia. Nikamwendea mama muuza karanga, nikamwambia akifa watoto wake watalipwa. Akanitazama. "Hata shikamoo hujanipa, umeshanizika?"

Vijana, huo ndio ufundi wa wakala: salamu kwanza, kifo mwisho.

Nikahamishiwa Tabora mjini. Huko kulikuwa na tageti, yaani idadi ya mikataba ambayo wakala lazima ailete kila mwezi. Kila Jumatatu Meneja wa Tawi aliwaketisha walioifikia. Sisi wengine tulisikiliza kikao kizima tumesimama. Alisema kusimama kunaamsha akili. Mimi kuliniamshia tumbo. Jumapili jioni chakula hakikushuka, na simu ikilia nilishtuka.

Shomari, Mzaramo wa pwani, alisimama kuliko sote. Mizaha yake ikakauka. Jumatatu moja hakuja, wala simu hakupokea. Meneja akasema asipoonekana kesho, nafasi yake itapewa mwingine. Nikaenda Itetemia alikopanga.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mama mwenye nyumba akanong'ona kwamba yumo ndani, hali chakula, hajibu. Nikabisha, nikabembeleza, kimya. Ndipo nikakumbuka mimi Mnyamwezi na yeye Mzaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani. Nikajifunga kanga kiunoni, nikajitupa kizingitini, nikaangua kilio. Mzaramo wetu katutoka, nani atarithi kandambili zake? Majirani wakaja mbio.

"Nyamaza, Mnyamwezi," sauti ikatoka ndani. "Sijafa."

"Maiti haibishani. Fungua tuhakikishe."

Akafungua akicheka, na kicheko kikageuka machozi.

"Dada Kalunde, silali. Mchana kutwa nawazungumzia watu kifo, usiku kinarudi nami nyumbani."

Nami nikamweleza habari ya tumbo langu. Sikuwahi kumwambia mtu. Tulijisikia wepesi kama waliotua mizigo.

Asubuhi nilimsindikiza hospitali kwa daktari wa afya ya akili, kisha tukaenda ofisini pamoja. Nilimsimulia Meneja yote mbele ya wenzetu. Aliinuka. Halafu akasukuma kiti chake mwenyewe hadi kwa Shomari.

"Kaa, bwana."

Tangu siku hiyo hakusimamishwa mtu. Kikao kilianza kwa kuulizana nani halali, nani hali, na tageti ikasubiri zamu yake. Ah, kazi ilinoga! Nilipanda baiskeli kwenda kwa wateja nikiimba.

Siku ya kuniaga nikistaafu, ofisi nzima ilisimama kunipigia makofi. Shomari, ambaye sasa ni Msimamizi wa Mawakala, akagonga meza.

"Kaeni chini. Huyu bado hajafa."

Wakakaa wakicheka. Nikabaki nimesimama peke yangu, na tumbo limetulia tuli.