Nusu Ndoo ya Maji

Mpaka leo nikisikia chuma kinakwangua simenti, moyo unanilipuka. Si kwamba kazi ile ilinishinda. Niliipenda sana, na nilikuwa na majivuno nayo kuliko inavyofaa.

Nilikuwa nimekaa kambini Rubondo miaka mitano, kwenye kiwanja nilichopewa baada ya kutoka Kabazana wanakopokelewa wakimbizi wapya, nilipopata kibarua Mbarara kwa fundi wa kutandika kapeti za plastiki, zile zinazogandishwa sakafuni kwa gundi. Alikuwa Mnyankole wa makamo aliyewahi kuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Alinikuta kwa mwenzangu wa kanisa nikisiriba sakafu ya jiko kwa tope na mavi ya ng'ombe, akasimama mlangoni akiutazama mkono wangu. "Huyu mama anajua chini," alisema. Mimi mkimbizi, tena mjane, nikavimba kichwa wiki nzima.

Fundi alikuwa na imani moja: kapeti haina kosa, kosa liko chini yake. Kwenye nyumba moja mjini tuliyoitwa kutandika sebule, siku tatu za kwanza hatukuigusa kapeti. Tulikwangua rangi na matone ya plasta, tukaziba nyufa, tukaburuta ubao mrefu mnyoofu juu ya simenti kutafuta mabonde. Aliwasha tochi ya simu yake akailaza sakafuni kabisa, na kila kichuguu kidogo kikatoa kivuli, tukakisugua kwa jiwe. Mwisho alibandika kipande cha nailoni juu ya simenti, akakifunga kwa utepe pande zote nne, akakiacha hadi kesho yake. Nailoni ikitoa jasho kwa ndani, simenti bado ina maji na gundi haitashika. Yetu haikuwa na hata tone. Alimwita mama mwenye nyumba aje aguse mwenyewe.

Mumewe, mfanyabiashara, alikuwa Hija, na mama alitaka sebule iwe mpya kabla hajarudi na wageni kuanza kumiminika. Nyumbani mle kulikuwa na msichana wa kazi kutoka Bwizibwera, mkimya, aliyetuletea chai bila kuagizwa. Kwa kazi ile alikuwa akimsomesha mdogo wake.

Siku ya kutandika, fundi alikwenda kuchukua gundi. "Fagia," aliniamuru. "Vumbi hapana!" Nikafagia kama ninavyofagia kwangu. Jua la madirishani lilikuwa kali. Aliporudi alipitisha kiganja juu ya simenti, akaridhika, tukapaka gundi, tukatandika. Ilipendeza mno, hata mama mwenye nyumba akavua ndara kabla ya kukanyaga.

Siku ya nane tukaitwa. Nilipofika mlangoni nilishika kinywa. Kapeti yote ilikuwa imevimba malengelenge kama chapati kwenye kikaango. Fundi alipiga magoti, akachana kona kwa kisu, akainua. Gundi ilikuwa bado mbichi, nyeupe kama maziwa.

"Hii maji imetoka wapi?" alifoka. "Mimi nilipima! Mama uligusa mwenyewe! Iko mtu alipiga deki hapa!"

Mama mwenye nyumba akamgeukia msichana. "Ni wewe ulipiga deki?"

"Hapana, mama."

"Basi nani? Majini? Mume wangu anaingia Ijumaa, na wewe umeniharibia nyumba! Nenda kafunge vitu vyako."

Wakati ule ule harufu iliyokuwa chini ya kapeti ikanifikia. Harufu ya vumbi lililolowa. Harufu ya asubuhi zangu zote za Rubondo.

Kwetu hakuna mwanamke mwenye akili anayefagia sakafu kavu. Ni kuwatimulia watu vumbi machoni. Unachota maji kwanza, unanyunyiza, ndipo unainama na ufagio. Niliona mkono wangu ukifanya hivyo mle sebuleni, mara ya kwanza, mara ya pili, na vumbi la simenti lilipokataa kutulia nikamimina nusu ndoo nzima. Jua likakausha juu, maji yakabaki ndani. Nilikuwepo fundi alipoeleza nailoni na jasho lake. Mkono wangu haukuwa umesikia chochote.

Na bado sikusema. Hili ndilo linalonishtua kuliko kosa lenyewe. Nilikuwa nawaza kibarua changu tu, nikimsikia msichana chumbani mwake, kabati likifunguliwa, likifungwa, likifunguliwa tena. Nilimtazama fundi akikusanya vyombo vyake kwa hasira.

Msichana alitoka na mfuko mmoja na shuka lililokunjwa vizuri. Alisimama mlangoni. Hakulia.

"Ni miye," nilisema, Kiswahili cha kwetu kikinitoka chenyewe. "Mama, umwache huyo mutoto. Ni miye njo nilimwanga mayi. Kwetu hatufagiake fasi ya batu bila mayi."

Fundi alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Wewe?" alisema. "Wewe unajua chini!" Kisha akakaa pale pale kwenye simenti iliyolowa, mtu mzima yule, akashika kichwa.

Mama mwenye nyumba akamwambia msichana arudishe vitu vyake.

Nilimfuata chumbani mwake kumwomba msamaha. Nikaanza kueleza, akanikatiza bila kugeuka.

"Mimi niliona wewe siku ile. Na ndoo."

"Uliona? Sasa juu ya nini haukusema, dada?"

"Kwetu pia tunamwaga maji kwanza," alisema, akikunjua shuka lake. "Nilijua wewe utasema. Ndiyo maana nilifunga vitu polepole."