Baiskeli ya Kulalia

Mama mkwe wangu alipoiona mara ya kwanza, imeegemezwa ukutani uani kwetu, mtaa wa Mtanda, aliniuliza mgonjwa yuko wapi.

"Hakuna mgonjwa, mama. Ni baiskeli."

Aliizunguka polepole. Akakigusa kiti chenye egemeo refu, kama kiti cha uvivu cha barazani, akazitazama pedeli zilizochomoza mbele hata kuliko gurudumu.

"Na aliyekuwa nayo," akauliza, "alipona?"

Nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi za shule ninakofundisha, nikaumia kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa mgongo. Tangu hapo tandiko la baiskeli ya kawaida sikuliweza, na bodaboda kwenye mashimo yetu ndiyo iliyonitoa machozi kabisa. Basi nikaiona hii mjini, dukani kwa bibi mmoja wa Kihindi anayeuza vyombo na vitambaa. Ilimfikia pamoja na mitumba, akadhani ni mashine ya mazoezi.

"Nilikanyaga mara moja tu, mwanangu," alinieleza, "ikanipeleka kwenye magunia ya mchele." Nilipokubali kuinunua, alinifungulia mlango mwenyewe, milango yote miwili.

Mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa mrefu kama mnazi. Nilipokaa, miguu yangu ilipapasa hewa. Tukagundua kwamba bomba la mbele linaloshika pedeli huingia na kutoka kama droo, hivyo mama mkwe akalegeza nati kwa spana ya marehemu mumewe, nami nikasukuma. Miguu ikafika. Lakini mnyororo wake, mrefu kuliko wa baiskeli mbili, ukalegea na kuburura mchangani kama utumbo wa mbuzi. Fundi wa jirani akaukata. Akaukata mno. Akaunga tena kipande, akasema hajawahi kuona baiskeli inayokula mnyororo kiasi hicho bila kushiba.

Kikabaki kiti. Nikikilaza sana, naona mbingu na makuti ya minazi, barabara siioni. Nikikisimamisha sana, magoti yanagonga usukani. Tulikubaliana kukiacha kimelala, nikavaa suruali chini ya dera, nikafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule mpaka nikaacha kupiga mayowe.

Asubuhi ya kwanza barabarani nilikutana na shehe wetu akitoka dukani na mkate wake.

"Shikamoo, shehe!" niliita, nikimjia kichwa nyuma, miguu mbele.

Alisimama akizitazama nyayo zangu mbili zilizokuwa zikimkabili kifuani. "Mwalimu," akasema, "ni wewe unayenisalimia, au ni hivyo viatu?"

Kwa aibu nikafunga breki zote mbili nikasahau kushusha mguu. Baiskeli ile haianguki kwa kishindo. Inalala ubavu taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Nikajikuta kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga.

"Shikamoo," nikarudia kutoka mchangani.

"Marahaba, mwanangu. Amka basi, usije ukachelewesha watoto."

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jioni nilimkuta mama mkwe mlangoni, spana mkononi.

"Nimeambiwa umemwonyesha shehe nyayo."

"Sikumwonyesha, mama. Ndiko ziliko."

"Zishushe."

"Hazishuki. Zinafuata pedeli."

Akakigonga kiti kwa spana. "Kama miguu haishuki, kichwa kipande."

Tukasimamisha kiti tundu moja, tukausogeza usukani mbele kuyapisha magoti, na nyuma ya kiuno changu akapachika mto wake mdogo wa sufi. Nilipopanda, kwa mara ya kwanza niliiona barabara yote, na baiskeli ikaacha kuyumba. Mama mkwe alikimbia nyuma yangu hadi kona akipiga vigelegele, kisha akarudi akishika mbavu.

Sasa nikimwona mtu mzima nasimama, naweka miguu chini, nasalimu vizuri, naulizwa habari za kifandugu, ndipo naondoka. Na mtaani kwetu watu wazima ni wengi. Wanafunzi wanaotembea kwa miguu hunipita wakinipungia.

Mlima wa kurudi kwetu ndio ulionishinda. Baiskeli haipandi, na kuisukuma nilipaswa kuinama kwa sababu ni fupi, jambo ambalo mgongo wangu ulilikataa palepale. Mama mkwe akanifungia kamba ya katani mbele ya fremu. Kwa hiyo kila ninaporudi mtaani naikokota kwa kamba, mkono mwingine ukilishika egemeo isilale, na kina mama bombani wananiuliza kama leo imekula majani. Nawajibu imekula, ila bado inataka maji. Wakicheka sana mmoja wao hutoka kwenye foleni, akaisukuma kwa nyuma mpaka juu.