Lubugo Begani kwa Mama

Daftari langu la sanaa ni zito kuliko tofali, na sioni haya kulisema. Kila ukurasa nimeutengeneza mwenyewe. Nagandisha karatasi tatu pamoja kwa uji wa unga wa muhogo, napaka rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka nyumba yetu ya Bakoba, nabandika vipande vya gazeti, napaka tena, halafu nasugua kwa msasa mpaka herufi zianze kuchungulia kutoka chini. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mvua za Bukoba hazina adabu, ukurasa unaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Kwa watu sina subira, lakini kwa rangi ninayo tele.

Ukurasa niliojivunia kuliko zote ulikuwa wa mama. Anaishi Kagoma, Muleba, kwenye kibanja alichoachiwa na marehemu baba, migomba imeizunguka nyumba mpaka dirishani. Hana picha nzuri hata moja, maana akiona simu imeinuliwa hukaza uso kama mtu anayepimwa presha. Kwa hiyo nilimchora kwa kumwibia, kila nilipokwenda kumsalimia, akiwa anachambua maharage. Ngozi yake ilinichukua tabaka saba. Chini niliweka udongo mwekundu wa hapo hapo uani, uliochujwa kwa kitambaa, juu yake kahawa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, kisha rangi nyembamba nyembamba, moja ikikauka naweka nyingine. Siku mashavu yake yalipotokea nilipiga vigelegele peke yangu chumbani.

Ikabaki nguo. Mama alikuwa na lubugo sandukuni, ile nguo ya gome la mti iliyopondwa mpaka ikalainika, aliyoachiwa na mama yake. Nilimwomba kipande, akanikatia bila kuuliza ni cha nini. Kilikuwa na wekundu ambao sijawahi kuupata kwenye kopo lolote. Nikakibandika kuanzia shingoni mpaka mwisho wa ukurasa, kimenyooka, hakina hata mkunjo mmoja, nikajisemea kwamba mama yangu amekamilika.

Jumamosi moja nikampelekea. Nilimkuta na shangazi, dada yake baba, amekuja kumtembelea, na shangazi ndiye aliyewahi kufungua daftari. Alipofika kwenye ule ukurasa akaliachia kama limemuunguza.

"Waitu! Mama yako umemzika?"

Ndipo nikakumbuka. Zamani kwetu lubugo ndiyo iliyomsindikiza mtu kaburini, analazwa, inatandazwa juu yake, inanyooshwa. Jambo hilo nalijua tangu utoto, kila mtu analijua. Ila miezi yote minane ya kumchora nilikuwa nawaza rangi tu, na mikono yangu ikamtandazia mama nguo ya maiti.

"Ukurasa huu uchomwe," shangazi akasema. "Leo hii, nje ya kibanja."

"Shangazi, miezi minane!"

"Na yeye miaka yake unataka kuikata mingapi?"

Nikamtazama mama. Kama naye angesema uchomwe, ningeuchoma, na nisingekuwa na wa kumlaumu. Niliogopa. Niliogopa kwamba mara ya kwanza mama kujiona vizuri, angejiona marehemu, na aliyemfanya hivyo ni mimi.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akainama juu ya ukurasa. Akapitisha kidole juu ya uso uliochorwa.

"Pua ni yangu," akasema.

"Pua sisemi," shangazi akajibu.

"Mama yangu alivaa lubugo akilima. Akaivaa akienda kuteka maji. Nani alimzika siku hizo?"

"Alikuwa ameifunga fundo."

"Ndiyo. Mtu mzima mwenye afya hujifunga mwenyewe." Akanigeukia. "Mwanangu, hiki kipande kinabanduka?"

Kilibanduka. Uji wa muhogo ukipata maji ya uvuguvugu hulegea, na hiyo ndiyo sababu siku zote nausifia kuliko gundi za dukani. Nikalowesha kwa kitambaa, nikaanza kuinua kipande kutoka juu, taratibu. Kwenye bega rangi ilichunika kidogo, ule weupe wa ukuta ukaonekana. Nilitaka kukimbilia brashi, mama akanishika mkono.

Akazishika ncha mbili za lubugo mwenyewe. Alizipitisha juu ya lile bega lililochunika, akafunga. Fundo likafunguka. Akafunga tena, akikaza kwa meno kama anavyofanya kwenye mizigo ya nyasi, mate na yote, juu ya kazi yangu ya miezi minane. Akanipa sindano yake ya kusukia vikapu, nikalishona lile fundo mpaka upande wa pili wa ukurasa.

Lubugo sasa ilikuwa na mikunjo, na mikunjo ikaleta vivuli. Mama wa kwenye karatasi akawa amesimama, bega moja juu kidogo, kama mwenye safari. Inaniuma kukiri, lakini tabaka zangu saba hazikuwa zimefika hapo. Shangazi alisogea, akalivuta fundo kulijaribu, akasema limekaza, kisha akaomba chai.

Jirani aliyekuja kuazima jembe alitukuta bado tumelizunguka daftari. Akashangaa, akauliza kazi hii ni ya nani. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nianze kueleza habari za udongo na kahawa na msasa, mama akaniwahi.

"Kanichora binti yangu," akasema, kidevu juu. "Nguo nimevaa mwenyewe."