Chiriku Alitulea kwa Kaseti

Baba alipiga pasi mashati ya watu miaka thelathini na moja, kwenye nchi ambako hakuzaliwa. Kola kwanza, mikono, kifua mwisho. Jioni alirudi hana hamu ya kuongea, na mama alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kazi ya kutufundisha lugha ya kwetu aliiachia kaseti ya Chiriku, mwimbaji wa huko nyumbani. Mwanamke huyo aliimba kama mtu aliyelia jana na kesho pia ana miadi ya kulia.

Tukawa vituko. Kaka akitaka chumvi aliiomba kama anayeachwa na mchumba. Mimi nilimwambia shangazi kwenye simu, "Ewe uliyeniacha ukiwani, u hali gani?"

"Kaka," shangazi akamuuliza baba, "huyo mtoto ana miaka sita au amezika waume watatu?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alipenda tuimbe mstari, yeye aumalizie, hata akiwa bafuni na povu machoni.

Kisha, sisi tukiwa watu wazima, kiharusi. Kilimfutia lugha ya ugenini yote, hata ile "karibu tena" ya wateja. Nesi akatuambia kama tuna la kumuuliza, tuulize leo. Tulikuwa nalo moja: tumzike hapa, kando ya mama, au tumrudishe kwao? Mambo ya vibali na majeneza Chiriku hakuwahi kuyaimba. Nikainama sikioni nikamwimbia nilichokuwa nacho: "Nikilala, mtanilaza wapi?"

Akafumbua macho. "Nilazeni kwetu, kwenye udongo unaonijua."

"Basi, kasema," kaka akanong'ona.

"Kasema, au kamalizia wimbo?"

"Dada, wewe utabishana hata na maiti!"

"Hajafa, mpumbavu."

Nikajaribu tena bila wimbo. "Baba. Hapa? Kwa mama?" Akanitazama kwa upole, akingoja mstari unaofuata.

Alikufa keshokutwa yake. Kaka alitaka ndege. Mimi nilitaka mama asilale peke yake. Fomu zilikuwa na saini yangu, nikashinda. Kaka alirusha udongo wake kaburini, akaondoka bila kuniaga.

Shangazi akapiga simu. "Mwanangu, baba yako alisema alazwe wapi?"

Nikamjibu kwa lugha ya ugenini, maneno mengi, ya haraka. Hakuelewa hata moja. Akalia kwa ile ya kwetu, na hiyo niliielewa yote.